Jina Kubwa Si Sumu

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Katika mikutano ya vyama hutokea mtu akasimama na karatasi mkononi, akasoma majina mawili matatu ya kemikali ambayo hakuna ukumbini aliyepata kuyasikia, na mara moto ukawaka. Wazee huguna, akina mama hutazamana, vijana husema ipigwe kura. Kabla kikao hakijafungwa, uamuzi umekwisha kupitishwa na kuandikwa katika kitabu cha kumbukumbu. Ukiwa mwema, ni bahati. Ukiwa mbaya, fedha ya wanachama imepotea, na hakuna wa kulaumiwa, kwa kuwa wote waliinua mikono. Mazungumzo haya yahusu namna lugha ya kitaalamu inavyoweza kukifanya kitu cha kila siku kionekane kuwa sumu, na namna mwanachama anavyoweza kujikinga, asidanganywe, wala asiangukie kosa la pili la kuidharau sumu iliyo ya kweli.

Kura ya Idaho Falls

Mwaka 1997, katika mji wa Idaho Falls huko Marekani, mwanafunzi wa miaka 14 aitwaye Nathan Zohner aliwapa wanafunzi wenziwe 50 karatasi iliyoeleza habari za kemikali moja. Hakuitunga mwenyewe, maneno ya namna hiyo yalikuwa yamekwisha kuzungushwa Marekani kwa miaka kadhaa. Kemikali yenyewe iliitwa daihaidrojeni monoksaidi. Karatasi ilisema kwamba kemikali hiyo ni sehemu kubwa ya mvua ya asidi. Kwamba ikiwa katika hali ya gesi yaweza kumwunguza mtu vibaya sana. Kwamba ikiingia mapafuni kwa bahati mbaya huua. Kwamba humomonyoa ardhi, huharakisha kutu ya vyuma, na hupunguza nguvu za breki za magari. Na kwamba imepatikana ndani ya vivimbe vya wagonjwa wa saratani waliokaribia kufa. Kisha wanafunzi wakaulizwa: je, kemikali hii ipigwe marufuku?

Wanafunzi 43 walijibu kwamba ipigwe marufuku. Sita hawakuwa na uamuzi. Mmoja tu, katika 50, ndiye aliyetambua kwamba kemikali hiyo ni maji.

Ndiyo, maji, maji ya kisima, ya mtungi, ya mvua. Mwanakemia akisema "dai" ana maana ya mbili, na "mono" ni moja. Tone la maji limefanyika kwa chembe ndogo mno, na kila chembe ina sehemu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Jina lile refu halisemi neno zaidi ya hilo. Ni hesabu ya viungo tu, kama vile mtu angeuita ugali "unga mmoja na maji mawili".

Jambo la kutazamwa kwa makini ni kwamba katika maelezo yale hapakuwa na uongo. Mvua ya asidi aghalabu ni maji. Mvuke wa chungu kinachochemka huunguza, na kila mpishi anajua. Maji yakijaa mapafuni mtu hufa, na jambo hilo jina lake ni kuzama. Maji hula ardhi ya mteremko, huotesha kutu kwenye jembe, na breki zikilowa gari halisimami upesi. Katika uvimbe wa saratani yamo maji, kama yalivyomo katika kila kiungo cha mwili ulio mzima. Kila sentensi ilikuwa ya kweli, na zote kwa pamoja zikazaa uamuzi wa kipuuzi.

Wala si watoto peke yao

Pengine atatokea wa kusema kwamba hao walikuwa watoto wa shule. Lakini wakubwa nao waliingia katika mtego huo huo. Mwaka 2004, katika mji wa Aliso Viejo, jimbo la California, baraza la mji liliandikiwa katika ajenda yake hoja ya kuzuia vikombe vya plastiki ya povu katika shughuli za mji, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba daihaidrojeni monoksaidi hutumika katika kuvitengeneza. Mtumishi aliyetayarisha hoja alikuwa ameamini alichokisoma bila kukichunguza. Hoja iliondolewa kabla ya kupigiwa kura, lakini mji ulikuwa umekwisha kuchekwa.

Mwaka 2007, huko New Zealand, mbunge mmoja alimwandikia waziri akiuliza kama kamati ya wataalamu wa madawa ilikuwa na maoni yoyote juu ya kuipiga marufuku kemikali hiyo. Na mwaka 2013, katika jimbo la Florida, watangazaji wawili wa redio walisema siku ya tarehe 1 Aprili, siku ya mizaha, kwamba daihaidrojeni monoksaidi ilikuwa ikitoka katika mabomba ya wananchi. Walichosema kilikuwa kweli tupu. Hata hivyo wasikilizaji waliingiwa na hofu, wakaipigia simu idara ya maji, na idara ikalazimika kutoa tangazo la kuwatuliza. Watangazaji wale walisimamishwa kazi kwa muda.

Watu hawa wote hawakuwa wajinga. Walikuwa wakijali afya ya watoto wao na miji yao, nao waliamini kwamba aliyeandika kwa lugha ya kitaalamu ameandika kwa nia njema. Hofu yao ilitoka mahali pema, ila ilikosa kuulizwa maswali.

Namna hila inavyofanya kazi

Hila hii ina sehemu nne, na kila moja yaweza kuonekana pia katika ukumbi wa chama.

Kwanza, jina. Kitu kinachojulikana hupewa jina lisilojulikana, na msikilizaji huona haya kuuliza maana yake mbele za watu. Mmoja akinyamaza, wa pili naye hunyamaza akidhani ni yeye peke yake asiyejua. Hivyo watu mia huketi kimya, na kimya chao huhesabiwa kuwa ni kukubali.

Pili, uteuzi wa habari. Waswahili walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Karatasi ile ilitaja mabaya ya maji na kuficha mema yake. Haikusema kwamba pasipo maji hakuna mche uotao wala ng'ombe anyonyeshaye.

Tatu, kipimo kuachwa. Karatasi haikusema ni kiasi gani kinachodhuru na ni kiasi gani kisichodhuru. Maneno "imepatikana ndani ya" yana nguvu ya kutisha, lakini peke yake hayana maana. Kitu kikipatikana, swali linalofuata ni: kimepatikana kiasi gani?

Nne, haraka. Maelezo yalimalizika kwa swali la ndiyo au siyo. Hapakuwa na nafasi ya kwenda nyumbani, kumwuliza mwenye ujuzi, na kurudi. Haraka haraka haina baraka, na kwa fedha ya ushirika haina hata risiti.

Jikoni na ghalani

Mwanachama asidhani kwamba ni maji tu yanayoweza kuvishwa vazi hili. Siki ni asidi asetiki iliyozimuliwa. Ukali wa ndimu ni asidi sitriki. Magadi yanayolainisha maharage yana sodiamu kaboneti. Chokaa ya kilimo, inayotiwa katika udongo uliochachuka, ni kalsiamu kaboneti, nayo ndiyo hiyo hiyo iliyofanya ganda la yai.

Chumvi inafundisha zaidi. Jina lake la kitaalamu ni sodiamu kloraidi. Sodiamu peke yake ni madini laini yanayowaka kwa kishindo yakitiwa majini. Klorini peke yake ni gesi ya sumu. Mwaka 1915 jeshi la Ujerumani liliifungulia askari wa upande wa pili huko Ypres, nchini Ubelgiji, na wengi wakafa. Lakini sodiamu na klorini vikiungana kabisa, hupatikana kitu cha tatu kisicho na tabia ya kimoja wala ya kingine, nacho ndicho kinachowekwa mezani. Kwa hiyo anayesema "mna klorini humo" hajasema bado kama mna hatari. Ameleta jina la mzazi kumhukumia mtoto.

Tukija ghalani, iko urea, mbolea ambayo wakulima wengi waliizoea tangu enzi ilipoitwa pamoja na nyinginezo mbolea ya chumvichumvi. Wanakemia huiita pia kabamidi. Neno hilo likisomwa kwa sauti nzito laweza kumfanya mtu arudishe mfuko dukani. Kumbe urea imo katika mkojo wa kila mtu na wa wanyama wengi, na jina lake lenyewe limetokana na mkojo. Mwaka 1828 mwanakemia wa Ujerumani, Friedrich Wöhler, aliitengeneza katika maabara, akaonyesha kwamba iliyotengenezwa na mwanadamu na iliyotoka mwilini ni kitu kimoja. Mmea hauulizi urea yake imetoka kiwandani au zizini.

Kipimo ndicho kitenganishacho

Daktari Paracelsus, aliyeishi Ulaya tangu 1493 hata 1541, alifundisha kwamba sumu ni habari ya kipimo: hakuna kitu kisichoweza kudhuru kikizidi. Mafundisho hayo bado ni msingi wa elimu ya sumu hata leo.

Mfano ni kahawa, zao la wengi. Ndani ya kahawa imo kafeini, kemikali ambayo gramu kumi za unga wake mtupu zaweza kumwua mtu mzima. Lakini kikombe kimoja cha kahawa huwa na kama sehemu moja ya kumi ya gramu. Mtu angehitaji kunywa vikombe kama mia kwa mara moja, na tumbo lake lingekataa mapema. Maji nayo, yakinywewa lita nyingi kwa muda mfupi, hupunguza mno chumvi ya damu na yaweza kuua. Na urea, iliyo rafiki wa mahindi, ng'ombe akiikuta mfuko wazi akaila kwa wingi hufa. Kwa hiyo kutunza ghala vizuri si woga wa majina, bali ni heshima kwa kipimo.

Kosa la pili

Hapa hapana budi kuonya. Mtu aliyekwisha kucheka habari ya Idaho Falls huweza kutoka akisema kwamba yote yaliyoandikwa kwenye mikebe ya madawa ni vitisho vya wataalamu. Huyo amekimbia shimo akaangukia kisima. Yako majina marefu yenye sumu kali nyuma yake, na yako majina mafupi, matamu, ya nyumbani, yenye sumu vile vile.

Mrututu ni jina la nyumbani kwa wakulima wa kahawa, lakini ukinywewa hudhuru tumbo, ini na figo. Muhogo ni chakula cha asili kisichotoka kiwandani, lakini ule mchungu una kitu kinachotoa sianaidi. Usipolowekwa, kuchachushwa na kukaushwa kwa utaratibu waliouacha wazee, wenye kula huo peke yake wakati wa njaa huweza kupatwa na ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu na usiopona. Uliwapata watu katika wilaya ya Tarime katika miaka ya 1980. Sumukuvu haina chupa wala kibandiko. Huota kimya katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, nao walikuwa wamekula mahindi yao wenyewe. Na mwaka 1999 nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia samaki wa Ziwa Viktoria, kwa sababu ya habari za watu waliovua kwa kumwaga sumu majini. Wavuvi waaminifu wa Tanzania, Kenya na Uganda walikosa soko kwa kosa la wachache.

Kwa hiyo kibandiko cha mkebe kisomwe, na utepe wa rangi ulio chini yake utazamwe. Utepe mwekundu ni wa sumu kali kabisa. Wa njano hufuata. Kisha wa buluu. Na wa kijani ni wa zile zisizotazamiwa kudhuru sana zikitumiwa kama ilivyoelekezwa. Rangi hiyo haiwekwi kwa sababu ya urefu wa jina, bali kwa sababu ya kipimo kinachoweza kudhuru. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja aweza kuifahamu. Aifahamu pia siku zilizoandikwa za kusubiri baina ya kupiga dawa na kuvuna, kwa kuwa mlaji hayupo shambani kujitetea.

Katika ukumbi wa chama

Na iwe mfano tu, wala si chama chochote kijulikanacho. Chama cha msingi kimekubaliana kununua urea kwa ajili ya wanachama wake. Siku ya mkutano anafika mfanyabiashara aliyevaa vizuri. Anasoma karatasi: urea ni kabamidi; hutumika viwandani kutengenezea gundi na plastiki; hutoa amonia, gesi inayowasha macho; ikizidi huunguza mimea. Kisha anafungua mfuko wake wa mbolea iitwayo ya asili, anausifu kuwa hauna kemikali hata moja, na anaomba uamuzi jioni ile ile, kabla bei haijapanda.

Kila alilolisema juu ya urea ni kweli. Aliloliacha ni hesabu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Ikiwa mbolea yake ina naitrojeni asilimia 2, mfuko wake wa kilo 50 una kilo 1 tu. Mwanachama angehitaji mifuko 23 ili apate naitrojeni iliyomo katika mmoja wa urea. Hii haina maana kwamba samadi na mboji havifai. Vinafaa sana, huujenga udongo na kuufanya ushike maji, na mkulima mwema huvitumia pamoja na mbolea ya dukani. Maana yake ni kwamba vitu viwili havilinganishwi kwa majina, bali kwa kilichomo na kwa bei yake. Tena mfuko usio na kemikali hata moja ungekuwa mfuko mtupu, kwa kuwa udongo, maji na samadi vyote ni kemikali.

Katibu aliye macho, kabla kura haijapigwa, atauliza maswali matano, na majibu yake atayaandika katika kumbukumbu za mkutano.

La kwanza: kitu hiki kwa jina la kawaida kinaitwaje? Asiyeweza kulijibu hili hajui anachokisema, au hataki kijulikane.

La pili: ni kiasi gani kinachodhuru, na sisi tutakutana na kiasi gani?

La tatu: faida yake ni ipi, na tukikiacha tutatumia nini badala yake? Kilicho badala nacho kiulizwe maswali haya haya.

La nne: msemaji anapata nini tukimkubali? Mwenye kuuza si lazima awe mwongo, lakini ngoma yake anaiwamba yeye.

La tano: nani mwingine, asiyeuza wala kununua, anaweza kuthibitisha? Yuko afisa ugani wa kata. Kwa mbolea iko Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania; kwa viuatilifu iko Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu; na iko Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Chama kina haki ya kuahirisha uamuzi mpaka jibu lipatikane. Kuahirisha kwa sababu iliyoandikwa si udhaifu wa uongozi, na kuuliza si ujinga.

Na mwanachama anayeuliza asichekwe. Jambo hili ni dogo kwa kulitaja, lakini ndilo lenye uzito. Mama aliyeinuka nyuma ya ukumbi na kusema "Sikuelewa neno hilo, lina maana gani?" ameutumikia ushirika kuliko kumi waliopiga makofi. Mwenyekiti akimkatiza, watakaonyamaza mkutano ujao ni wengi, na mfanyabiashara wa karatasi atakuta mlango wazi. Katika watu 50 wa Idaho Falls alikuwako mmoja aliyetambua, lakini kila mtu alijaza jibu lake mwenyewe, na ujuzi wake haukumfaa jirani. Ukumbi wa ushirika ni wa kusemeana, na mmoja anayejua aweza kuwaokoa 49.

Kazi iliyo mbele ni nyepesi. Kabla ya mkutano wa wanachama unaokuja, kila katibu na aende ghalani, achukue mfuko mmoja wa mbolea na mkebe mmoja wa dawa, aviweke juu ya meza, na avisome mbele ya wanachama neno kwa neno: jina, kilichomo, kiasi, rangi ya utepe, siku za kusubiri. Neno lisiloeleweka liandikwe ubaoni, na afisa ugani aalikwe kulifafanua. Kazi hiyo haitazidi nusu saa. Chama kilichoifanya hakitatishwa na maji, wala hakitaacha mkebe wenye utepe mwekundu karibu na mtungi wa kunywea.